Meli ya usiku Mwanza–Bukoba: watu 1,200 wanapangwaje?

Aliyeko Buzwagi akitaka kwenda Bukoba ana basi kutoka Kahama, kupitia Ushirombo, Runzewe na Biharamulo. Kwenda Mwanza kupanda meli ni kuzunguka. Wa Geita ana nafuu kidogo: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hasubiri tena kivuko. Wanaochagua meli ni wenye mizigo na waliochoka kukunja magoti kwenye basi. Meli inawapa usiku wa kulala huku safari ikiendelea. Usiku huo una mpango wake, na mpango wenyewe ni hesabu ya uzito.

Tuichukue MV Victoria. Iliundwa Scotland na kampuni ya Yarrow, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuungwa upya, kisha ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Uwezo wake ni abiria 1,200 na mizigo tani 200.

Kwa miaka mingi ratiba iliyozoeleka ilikuwa kung'oa nanga Mwanza saa tatu usiku, kupita Kemondo, na kuingia Bukoba asubuhi. Mizigo mizito hutangulia tumboni mwa meli, kisha watu wanapanda. Wa daraja la kwanza na la pili wana vyumba na vitanda. Wa daraja la tatu wana viti, na usiku ukikua kila mmoja anajitengenezea kitanda chake: khanga inatandikwa sakafuni, begi linakuwa mto, mtoto analazwa katikati ya ndoo na miguu ya abiria asiyemjua. Mwenye kutaka kwenda msalani anaruka vichwa huku akiomba radhi.

Sasa piga hesabu. Tukimpa kila abiria kilo 70, watu 1,200 ni tani 84, pungufu ya nusu ya mizigo inayoruhusiwa. Lakini saruji haiamki usiku kwenda kutazama taa za visiwani. Watu ni uzito unaotembea, tena hukaa juu ya mizigo. Kitovu cha uzito kikiwa chini, meli ikilalia ubavu huinuka yenyewe. Kadiri kitovu kinavyopanda, nguvu ya kuinuka inapungua.

Ndiyo maana safari ya kurudi Mwanza, inayobeba ndizi za Bukoba, inahitaji jicho kali zaidi. Mkungu mmoja wa ndizi hauonekani mzigo, kwa hiyo mwenyewe anaona hakuna ubaya akiuacha sitahani. Mikungu 400 ya kilo 25 ni tani 10, na tani 10 zikirundikwa juu hazifanani hata kidogo na tani 10 zilizoko tumboni.

Usiku nao una mambo yake. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo ukatoka kila ufuko na kukutana ziwani. Hewa inapanda, mawingu yanajengeka, na ngurumo nyingi za Ziwa Victoria huja kati ya usiku wa manane na alfajiri. Saa ambazo abiria wamelala fofofo ndizo nahodha anazohitaji meli iliyopakiwa sawasawa.

Somo la kukosea hesabu ya uzito tulilipata Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Vyumba vya daraja la kwanza na la pili vilikuwa na orodha ya abiria, ila daraja la tatu halikuwa na orodha. Mwaka 2018 huko Ukara, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka na kuua watu 228.

Waliofanya kazi Buzwagi kabla mgodi haujafungwa mwaka 2021 hawahitaji kufundishwa umuhimu wa orodha. Mgodi mkubwa haumruhusu mtu kupita getini bila kadi, na king'ora kikilia watu wanahesabiwa kwa majina. Meli nayo ni eneo la kazi lenye hatari, na geti lake ni ngazi ya kupandia.

Tuitazame basi MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023. Ina urefu wa mita 92, na imeundwa kubeba abiria 1,200 kama Victoria, ila mizigo yake ni tani 400 na ina nafasi ya magari. Magari yanaongeza kazi: lori lisilofungwa kwa minyororo ni uzito wenye magurudumu. Ukubwa wa meli hauwezi kufanya kazi ya karani. Abiria wa daraja la tatu akikatiwa tiketi yenye jina lake, na mikungu ikipimwa kabla ya kupanda, usalama wa usiku mzima unakuwa umeshajengwa gatini, kabla kamba hazijafunguliwa.