Barua Zisizofika: Juu ya Hadisi ya Mchuruzi Mchina katika Inchi ya Tailandi

Watu wakisikia neno mapinduzi wanafikiri mara moja bunduki, bendera mpya na wakubwa wanaokimbia. Ni kweli, mapinduzi ya Wachina ya mwaka 1949 yalikuwa na hayo yote. Lakini kuna mapinduzi mengine yasiyo na kelele: yanaingia nyumbani kwa mlango wa masomo ya watoto, wa feza, wa ndoa. Kitabu tunachotaka kupima hapa chatuonyesha hayo ya pili. Yale ya kwanza yanasikika kwa mbali tu, kama ngurumo ya mvua inayonyesha ng'ambo ya ziwa.

Kitabu hicho kilitoka kwa lugha ya Kitai mwaka 1969, nacho chaitwa Chotmai chak mueang Thai, ndiyo kusema Barua kutoka Tailandi. Mwandishi alijipa jina la Botan. Jina lake la kweli ni Supa Sirisingh, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1945, na baba yake alitoka Uchina. Hadisi nayo yaanza mwaka ule ule. Kijana Tan Suang U anamwacha mama yake kijijini, anapanda meli, anafika Bangkok na kuanza kumwandikia. Anaandika zaidi ya miaka 20. Anaoa, anapata mali katika uchuruzi, anazaa mwana mmoja na mabinti watatu. Lakini mama hapati barua hizo. Polisi wanazikamata njiani, kwa kuwa kila barua iendayo kwenye inchi ya wakomunisti inashukiwa.

Ili msomaji ajue uzito wa barua ile, yafaa akumbuke mambo kidogo. Wachina wengi wa Tailandi ni watu wa Teochew, waliotoka pande za bandari ya Shantou. Walioondoka waliwatumia wazazi barua pamoja na feza; barua za namna hiyo zaitwa qiaopi, na mwaka 2013 UNESCO iliziandika katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Barua ilikuwa chakula cha mama, na tena ushuhuda kwamba mtoto hajapotea.

Upande mwingine, inchi iliyowapokea haikuwa na neno moja juu yao. Iliwahitaji kwa kazi na kwa soko, lakini iliwaogopa. Mwaka 1910 Wachina wa Bangkok waliacha kazi na kufunga magazini kwa sababu ya kodi. Mwaka 1914 Mfalme Vajiravudh aliandika juu yao maneno makali, akiwafananisha na Wayahudi wa Ulaya. Tangu mwaka 1938 serkali ya Phibun ilifunga masomo mengi ya Kichina, tena ikaweka kazi nyingine kwa Watai peke yao. Mwaka 1947 iliamriwa kwamba Wachina wasiopita 10,000 waingie kila mwaka. Mwaka 1949 hesabu ikashuka mpaka 200. Na mwaka 1952 kodi ya mgeni ilipandishwa toka baht 20 mpaka 400.

Sasa tuseme uzuri wa kitabu. Suang U ni mtu wa kazi na wa kuweka akiba. Machoni pake Watai ni wavivu, wapenda karamu, watu wa kutafuta cheo cha serkali badala ya faida. Botan anamwacha aseme yote bila kumziba mdomo, hata pale maneno yake yanapotuchukiza. Na humo tunaona namna uchumi unavyotengeneza moyo wa mtu. Mgeni asiye na shamba wala cheo, magazini yake ndiyo shamba lake. Basi mwana wa kiume si mtoto tu, ni urefu wa maisha ya magazini. Na lugha ya Kichina ni ufunguo wa sanduku la feza. Kila kitu kinashikamana. Mtu akigusa kimoja, Suang U anaona nyumba nzima inatikisika.

Mtaalamu G. William Skinner, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya Wachina wa Tailandi, alikwisha kuonyesha kwa historia na kwa hesabu kwamba wajukuu na vitukuu vya wageni hao wanageuka kuwa Watai. Hesabu zake ni nzuri. Lakini hesabu hazitwambii nani alilia usiku ule binti alipoondoka. Hiyo ndiyo kazi ya hadisi.

Kwa maana binti anaondoka kweli. Meng Ju, kitinda mimba, anaolewa na Winyu, mwalimu Mtai asiyetafuta utajiri. Baba anakataa kwa hasira. Lakini mwisho, akiwa mzee, ni katika nyumba ya hao wawili anapopata utulivu. Kwa fikira zetu, hapo ndipo penye mapinduzi ya kitabu hiki. Mzee aliweka matumaini yote juu ya mwana wa kiume. Kumbe, anayempokea ni binti ambaye hakumtia katika hesabu.

Tusifiche makosa. Kwanza, Winyu ni mwema mno. Anafanana na wakili aliyetumwa kuwatetea Watai, na wakili hana kivuli kama watu wengine. Pili, na hili ni neno letu kubwa, sheria tulizozitaja zina uzito mdogo mno katika hadisi. Hivi msomaji aweza kudhani ugumu wa Suang U ni tabia ya Wachina tangu kuzaliwa. Sisi tunakataa. Mtu akifungiwa milango yote isipokuwa mmoja, tusimlaumu kwamba anaupenda mlango ule. Kitabu chamtaka mgeni ageuke, navyo ni haki; lakini chamwuliza mwenye inchi kidogo tu.

Wengine watasema kuna kosa la tatu: sauti ni moja. Mke na mabinti hatuwasikii ila kwa kinywa cha baba, na mama wa Uchina hatumsikii kamwe. Juu ya mke na mabinti twakubali. Juu ya mama, hapana. Tufikiri yaliyokuwa kwake katika miaka ile: mwaka 1950 sheria ya kugawanya mashamba ya wenye mali, mwaka 1958 vijiji vikaunganishwa kuwa jumuiya kubwa, toka 1959 mpaka 1961 njaa iliyoua mamilioni mengi ya watu. Mtoto anaandika habari za faida na za ndoa, hajui kama mama bado yu hai. Kimya kile ni jibu la pekee analolipata, na hakuna ukurasa wenye uchungu kuushinda. Wakubwa wa Uchina walifunga upande mmoja, wakubwa wa Tailandi upande mwingine, na kati yao amesimama mzee wa kike mwenye kungoja barua.

Inchi hizo mbili zilipatana mwaka 1975. Kwa mama wa namna hiyo, ilikuwa kuchelewa.

Basi hukumu yetu ni hii: kitabu hiki chafaa kusomwa, hasa na wale wanaojifunza kusema juu ya mabadiliko ya watu kwa maneno makubwa. Botan hakuwasifu Wachina wala Watai, na wasomaji wa pande zote mbili walimnung'unikia. Hiyo ni alama njema. Anayepima kwa mizani ya haki hapendwi na mnunuzi wala mwuzaji.