Rezo ya Kimbunga Haitoshi kwa Milima Yetu

Sifa ya redioamateri munaijua: simu zote zikikufa, wao njo wanabakia wakisema. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini ukiangalia namna kazi yao inapangwa, utaona kwamba mfano wao hauwezi kuletwa huku Bweremana hivi hivi.

Tuanze na mazuri. Kule Marekani na visiwa vya Karibi kuna kundi linaitwa Hurricane Watch Net, lilianza 1965. Ni watu wa kujitolea, hawalipwi. Kimbunga kikikaribia, wanakutana kwenye 14.325 MHz, wanapokea vipimo vya upepo na hewa kutoka kwa walio ndani ya dhoruba, wanavifikisha kwa wataalamu wa kituo cha vimbunga Miami. Mwaka 2017, kimbunga Maria kilipovunja minara na nyaya za umeme Puerto Rico, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba msaada, na redioamateri 22 wakatumwa. Habari za waliosalimika zilipita kwao.

Sasa kasoro. Rezo ile inaamka kimbunga kikiwa karibu kilometa 480 kutoka nchi inayokaliwa na watu. Wana muda, maana satelaiti inakiona kimbunga siku nyingi mbele. Mvua yetu haitumi barua. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, kule Kalehe, mbele ya Minova. Mvua kubwa ikanyesha, mito ikashuka na mawe na matope, ikafagia Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengine wengi hawakuonekana tena. Rezo inayongoja kuamshwa ingewafaa nini watu wa soko lile?

Kwa sisi wa agronomia jambo hili liko wazi. Mteremko uliokatwa miti, udongo ukishashiba maji, haungoji. Mwenye kulima juu anaona rangi ya mto kabla ya mwenye kuuza samaki chini. Sauti yake inaweza kushuka haraka kuliko matope, kama kuna mtu anasikiliza.

Mfano unaotufaa zaidi uko Kongo hapa hapa. Kule Uele, kuanzia mwanzo wa miaka ya 2010, Tume ya Haki na Amani ya jimbo la Dungu-Doruma pamoja na Invisible Children waliweka foni vijijini juu ya mashambulizi ya LRA. Wenyeji wenyewe walisema kwa saa zilizopangwa, kila siku, hata kama hakuna habari. Hapo njo kuna nguvu yake: kijiji kisipojibu, ule ukimya tayari ni habari.

Vyombo vyenyewe si muujiza. Waya wa karibu mita 20 kwa antena ya 7 MHz, batri ya volti 12, pano ya jua. Toki-woki inazuiliwa na mlima. Mawimbi mafupi yanapanda juu na kurudi ng'ambo. Wakubwa wetu wanakumbuka foni za parokia na za vituo vya afya. Minara ilipofika, tuliziacha, tukabaki na vokali za WhatsApp zinazofika maiti zikiwa zimeshahesabiwa.

Kuna hatari ambayo watu wa vimbunga hawaijui. Huku, mtu anayesema hewani juu ya kilima anaweza kuitwa mpelelezi, na neno hilo linaua. Kwa hiyo tusiige Uele yote: wao walitoa habari za wenye silaha. Yetu iwe mvua, mto, barabara na wagonjwa tu, kwa ruhusa ya serikali, kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa, na daftari ambalo yeyote anaweza kulisoma. Hata hivyo hatari haiishi. Kijana asipandishwe mlimani juu ya picha za mradi.

Kabla ya kuandika mradi wa kuomba mashine, tujibu kwanza maswali mawili. Nani atasema kila asubuhi saa kumi na mbili, hata wakati wa jua kali? Na habari ikifika chini siku ya soko, nani ana mamlaka ya kulifunga, na wauzaji watamusikia?