Nyimbo Zianzazo kwa M: Herufi, Silabi na Upangaji wa Orodha

Mtu anapoagizwa kupanga majina kwa utaratibu wa alfabeti, hudhani amepewa kazi nyepesi isiyohitaji istilahi. Atazame herufi ya kwanza, aweke kila jina mahali pake, amalize. Lakini tukimwuliza, "Jina hili linaanza kwa nini?" atatujibu mara kwa herufi, mara kwa silabi, na mara kwa neno, wala hataona kwamba ametoa majibu matatu yaliyo mbalimbali. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba mchanganyiko huo una madhara. Kielelezo chetu ni majina ya nyimbo za Kiswahili, hasa yale yanayoanza kwa M.

Yafaa kwanza tuitazame lugha ambayo imeshika njia ya silabi waziwazi, nayo ni Kijapani. Kijapani kina alama za maandishi ambazo kila moja, kwa kadiri kubwa, husimama badala ya silabi nzima. Alama hizo hupangwa katika jedwali liitwalo la sauti hamsini, ingawa alama za msingi zitumikazo sasa ni 46: a, i, u, e, o, kisha ka, ki, ku, ke, ko, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Vitabu vya nyimbo za karaoke hufuata jedwali hilo, na atakaye wimbo unaoanza kwa "ka" huenda moja kwa moja penye "ka". Mpango huo unawafaa kwa sababu ya sarufi yao. Minyambuliko ya kitenzi na vijineno vya kuonyesha uhusiano hukaa nyuma ya mzizi, kwa hiyo silabi ya kwanza aghalabu ni mwanzo wa mzizi wenyewe.

Wako wasemao kwamba Kiswahili nacho kingefaa kupangwa vivyo hivyo. Hoja yao ni kwamba silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na kwamba watoto wetu huanza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu. Rai hiyo ina mvuto, walakini hatuikubali, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni M yenyewe. Kijapani kina sauti moja ya puani isimamayo peke yake bila irabu. Alama yake huwekwa mwisho kabisa wa jedwali, na hakuna neno la kawaida la Kijapani linaloanza nayo. Upo mchezo wa Wajapani ambamo kila mchezaji hutoa neno linaloanza kwa silabi iliyomalizia neno la mwenzake; atoaye neno linaloishia kwa sauti hiyo huwa ameshindwa, maana mwenzake hana pa kuendelea. Kwetu mambo ni kinyume. M isiyo na irabu ni silabi kamili, nayo huanza maneno mengi sana: mtu, mtoto, mtaa, mti, mkono. Washairi wamelijua jambo hilo tangu zamani, na yeyote aliyesoma Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi, zilizochapishwa 1954, hatashangaa kuambiwa kwamba "mtu" ni mizani mbili. Basi ukurasa ambao kwa Wajapani ungekuwa mtupu, kwetu ungekuwa miongoni mwa kurasa zilizojaa kuliko zote.

Tena ukurasa huo usingekuwa wa sauti moja. Tuchukue nyimbo zinazojulikana. Katika "Mtaa wa Saba" wa Mbaraka Mwinshehe, na katika "Mtoto Akililia Wembe" wa Mlimani Park, M ni silabi na pia ni kiambishi cha ngeli. Katika "Malaika", M ni konsonanti tu. Silabi ni "ma", nayo ni sehemu ya neno lenyewe wala si kiambishi cha wingi. Katika "Masimango" wa Mbaraka Mwinshehe, silabi ni ile ile "ma", lakini hapa ni kiambishi, maana umoja wake ni "simango". Na katika "M.V. Mapenzi" wa Mlimani Park, M si silabi wala si kiambishi. Ni kifupisho cha kigeni kinachotangulia majina ya meli, na msomaji hukitamka "em vii".

Kuna ugumu mwingine uliojificha zaidi. Tukisema "mtu mbaya", neno "mbaya" lina silabi tatu, m-ba-ya. Tukisema "nyumba mbaya", neno hilo hilo kwa maandishi lina silabi mbili tu, mba-ya, kwa kuwa hapo M imeshikamana na B. Mpango wa silabi ungewatenganisha mapacha hao, na karani angelazimika kuijua sarufi ya ngeli kabla ya kujua pa kuiweka kanda. Haifai kanuni ya ofisi imdai karani elimu ya mwanaisimu.

Sababu ya pili ni viambishi vya vitenzi. Wimbo wa Mlimani Park uitwao "Nalala kwa Tabu" unaanza kwa "na", yaani nafsi na wakati vilivyoungana. Msikilizaji mwingine atautaja kwa "Ninalala", na papo hapo jina limehama kutoka "na" kwenda "ni". Wengine hupendekeza kwamba dawa ni kupanga kwa mzizi, wimbo huo uwekwe penye L. Hao huitegemea kamusi. Na ni kweli kwamba Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 huorodhesha vitenzi kwa mashina yake, ingawa nomino huziorodhesha pamoja na viambishi vyake. Lakini jina la wimbo si kidahizo cha kamusi. Ni jina la pekee, kama jina la mtu au la mtaa, na jina la pekee halikatwi kichwa ili lipate nafasi kwenye orodha.

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani wimbo mmoja ukikaa mahali pasipo pake. Jibu tunalipata Kariakoo. Mlimani Park kwa miaka mingi walipiga muziki katika ukumbi wa DDC Kariakoo, na katika mitaa iliyouzunguka ukumbi huo nyimbo zimeuzwa kwa santuri, kwa kanda, na siku hizi kwa kujazwa katika simu. Mnunuzi aghalabu halitaji jina la wimbo, huimba kiitikio. Muuzaji hodari humwelewa, kwa kuwa orodha yake imo kichwani. Maktaba ya redio haina kichwa cha namna hiyo. Nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1970 na 1980 zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda isiyoonekana katika orodha ni sawa na kanda iliyopotea, ijapokuwa iko rafuni.

Tena iko haki ya mtunzi. Tangu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mtunzi anastahili malipo kazi yake itumiwapo. Wimbo mmoja ukiandikwa kwa majina mawili bila rejeo, hesabu yake hugawanyika, na mjane au yatima wa mtunzi ndiye apunjikaye. Majina mawili si jambo la nadra. Kyu Sakamoto wa Japani alitoa 1961 wimbo "Ue o Muite Arukō". Marekani ukashika nafasi ya kwanza 1963 kwa jina "Sukiyaki", ambalo ni jina la chakula kisichohusiana na maneno ya wimbo. Kutoka U ukahamia S. Kwetu Afrika Mashariki, "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Kenya, wa 1982, ulirekodiwa upya Ulaya na Boney M mwaka uliofuata, na jina likaongezwa "Hakuna Matata". Hata leo wengi hawaujui kwa jina jingine.

Kwa hiyo tunapendekeza haya kwa watafsiri, walimu na watumishi wa Serikali watunzao orodha:

(a) Jina la wimbo liandikwe zima kama alivyolitoa mtunzi, pamoja na kiambishi chake.

(b) Majina yapangwe neno kwa neno, na ndani ya neno herufi kwa herufi. Istilahi ya kutumia katika maagizo na fomu iwe "herufi ya mwanzo". Neno "silabi" liachiwe mizani na matamshi, ambako lina kazi yake.

(c) Vifupisho na tarakimu viwe na rejeo la matamshi: "Em Vii Mapenzi, taz. M.V. Mapenzi". Hali kadhalika "Expo 70" wa Mbaraka Mwinshehe, uliochukua jina la maonyesho ya Osaka ambako Morogoro Jazz walikwenda 1970, uwe na rejeo la "Expo Sabini".

(d) Kila jina la pili, na kila kiitikio kilichozoeleka kuliko jina, kiwe na rejeo lake: "Hakuna Matata, taz. Jambo Bwana".

Tumejifunza kwa Wajapani jambo moja lenye manufaa: walichagua mpango unaolingana na umbo la lugha yao. Kuwaiga vema ni kufanya kama walivyofanya, yaani kuitazama lugha yetu kwanza, na lugha yetu huweka mbele ya neno vitu ambavyo yao huviweka nyuma. Karani atakayelijua hilo hatahitaji jedwali la sauti hamsini. Atahitaji alfabeti aliyofundishwa darasa la kwanza, na uvumilivu wa kuandika "taz." kila inapopasa.