Kiwanda Kilichosubiri Sheria Ikiletee Korosho

Mikorosho ya Kilifi haikukauka siku kiwanda kilipofungwa. Kampuni ya Kenya Cashewnuts, iliyoanzishwa mjini Kilifi katika miaka ya 1970, ilizimika mwishoni mwa miaka ya 1990 huku korosho zikiendelea kuanguka mashambani, zikiokotwa, zikitiwa maguniani na kuvushwa daraja la Mtwapa kwenda bandari ya Mombasa. Sababu za siasa na madeni zimesemwa sana, na nyingine ni za kweli. Mimi nataka kutazama upande usiosemwa: kiwanda kilivyokuwa kikinunua.

Kwa miaka mingi mkulima hakuwa na pengine pa kwenda. Mzigo ulikusanywa kupitia vyama vya ushirika, bei ikapangwa kutoka juu, korosho zikaishia kiwandani. Kwa meneja wa ununuzi huo ni usingizi mnono. Lakini kilichomfunga mkulima na kiwanda kilikuwa amri, wala si faida. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, amri iliondoka, na hapakuwa na kitu kingine cha kumshika.

Hapo kalenda ikaingia kazini. Korosho zetu huvunwa kuanzia mwezi wa Novemba hivi hadi mwanzoni mwa mwaka. India, yenye viwanda vingi vya kubangua, huvuna kuanzia Machi hivi. Kwa hiyo mzigo wa Afrika Mashariki hufika wakati akiba ya maghala ya jimbo lake la Kerala inapungua, na mawakala wa viwanda hivyo hulipa vizuri, tena taslimu. Broka hununua leo, husafirisha, pesa yake humrudia upesi. Kiwanda kinachotaka kubangua mwaka mzima hakina raha hiyo. Lazima kinunue shehena ya miezi kumi na miwili ndani ya miezi michache, kiianike, kiihifadhi, na kilipe riba ya benki huku magunia yamelala ghalani. Mashindano hayo hayashindwi kwa uzalendo.

Na si kila gunia ni gunia. Mnunuzi anayejua kazi huchota sampuli juu, katikati na chini, hupima kilo moja, kisha huzikata korosho moja moja kwa kisu, akitenga nyeupe, zenye madoa, zilizosinyaa na zilizooza. Hapo ndipo anapojua gunia la kilo 80 lina nini ndani. Korosho nzuri zikianikwa vyema, kilo nne au tano hutoa kilo moja iliyobanguliwa. Wanunuzi wanapogombania mzigo shambani, nani atasubiri ukauke? Anayekuja mwisho huachiwa makapi.

Juni 2009 serikali, kupitia wizara ya kilimo iliyokuwa chini ya William Ruto, ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi. Mwaka 2013 katazo hilo likaingizwa katika sheria iliyounda mamlaka ya kilimo na chakula. Nia ilikuwa njema, lakini dawa ni ileile ya zamani: kumfungia mkulima mlango ili mbanguaji apate. Mnunuzi akipungua, bei nayo hulegea. Bei ikilegea, mkulima hanunui salfa ya kupambana na ubwiri unga, wala hang'oi mkorosho uliozeeka ili apande mwingine. Hatari ya bei imegeuzwa kuwa hatari ya uhaba.

Wapo wanaoshauri kununua pia Mtwara, nchini Tanzania. Vyanzo viwili ni bora kuliko kimoja, sawa, lakini tazama vyanzo vyenyewe. Mtwara huvuna msimu uleule na hutazamwa na wanunuzi walewale. Huko korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani tangu 2007. Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, Rais Magufuli aliamuru serikali inunue zote kwa shilingi 3,300 za Tanzania kwa kilo, na malori ya jeshi yakazibeba. Aliyekuwa ametegemea mnada wa msimu ule alibaki anasoma magazeti. Chanzo cha pili cha kweli ni Afrika Magharibi, ambako mavuno huanza Februari hivi, ila gharama ya meli hadi Mombasa ni hesabu nyingine.

Mimi ningeanzia karibu zaidi. Kituo cha KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo na mifugo, hapa Mtwapa kimefanya kazi ya mikorosho kwa miaka mingi. Mbanguaji angelipia miche iliyobebeshwa, aigawe kwa vikundi vya wakulima, na atie saini nao mapema mkataba wenye bei ya chini isiyoshuka pamoja na nyongeza soko likipanda. Mkulima bado ataweza kumuuzia broka, lakini sasa atakuwa na sababu ya kufikiri mara mbili. Atakayetaka kufanya hivyo asikawie: mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na mavuno ya kujaza gunia huchelewa zaidi ya hapo.