Benchi la Seremala: Jinsi ya Kulijua Lililo Imara

Kati ya Makambako na Njombe mbao si kitu cha kutafuta. Barabara ya kwenda Songea inapita kwenye paini na milingoti sehemu kubwa ya safari, na pale Makambako, inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia, jirani na reli ya TAZARA, malori ya mbao hayaishi. Wingi huo ndio unaomponza mnunuzi wa benchi la kazi. Mbao zipo, bei inavumilika, fundi anakuundia kesho, na baada ya miezi michache benchi linayumba.

Meza ya kulia hubeba uzito wa kutoka juu, basi. Benchi la seremala husukumwa na randa, huvutwa na msumeno, hupigwa nyundo kupitia patasi mchana kutwa. Kwa hiyo usianze kwa kulikalia uone kama litakubeba. Shika ukingo wa kichwani kwa mikono miwili, usukume kufuata urefu wake, maana huko ndiko randa inakoelekea. Macho yawe pale mguu unapokutana na ubao wa chini unaofunga miguu. Ukiona mwanya unafunguka na kujifunga, hata kwa unene wa kadi ya simu, liache. Mwanya huo hautapungua.

Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni ubichi wa mbao. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ukungu unaweza kukaa hadi jua lipande sana. Mbao iliyopangwa nje wiki tatu katika hali hiyo imekauka ngozi tu. Ubao mbichi wa paini wenye upana wa inchi 10 unaweza kupungua robo inchi na zaidi ukikauka, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Hapo ndipo msumari hulegea na kiungo kilichobana siku ya kwanza hucheza. Piga msumari kwenye kipande cha mbao ileile: maji yakitokeza pembeni mwake, usiendelee na mazungumzo ya bei. Kama una muda, omba kipande kilichokatwa katikati ya ubao, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke karibu na jiko siku kadhaa, ukipime tena. Kikipoteza sehemu ya tano ya uzito wake, mbao hiyo ilikuwa bado haijawa tayari.

Kisha tazama kichwa cha ubao. Miduara ya ukuaji ikiwa mipana kama kidole, na kiini kimeangukia katikati ya ubao, ujue mti ulikatwa ungali mchanga. Mwenye shamba akibanwa na ada ya shule huvuna mapema, na simlaumu, ila mbao hiyo iende kwenye kazi nyingine. Itajipinda. Madoa ya buluu hayaniogopeshi sana, kwani hayapunguzi nguvu kwa kiasi kikubwa, lakini yanaeleza kuwa mbao ilikaa na unyevu muda mrefu, hivyo uliza ilianikwa vipi. Pima pia unene ncha zote mbili. Mashine za dingdong zinazohamishwa shamba hadi shamba hupasua haraka, na ubao mmoja unaweza kutoka mnene huku, mwembamba kule.

Kwa miguu napendelea mlingoti wa inchi 4 kwa 4. Ni mzito, na uzito ni rafiki wa benchi. Lakini hupasuka vichwani na kupinda unapokauka, kwa hiyo nunua uliokwisha kupinda ukamaliza, ndipo uunyooshe kwa randa. Miwati, ambayo Njombe inaijua tangu kampuni ya TANWAT ianze mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake, hutoa kabari ngumu sana za kukaza viungo.

Kiungo bora ni ulimi uliopenya mguu mzima na kukazwa kwa kabari, au bolti yenye washa pana. Bolti ina faida moja kubwa: mbao ikipungua, unakaza. Hakikisha tu spana inaifikia. Benchi lililofungwa kwa misumari peke yake silinunui, hata liwe na rangi ya vanishi inayong'aa namna gani.

Uso uwe na unene wa inchi 3. Njia nzuri hapa kwetu ni mbao za 2 kwa 4 zilizosimamishwa kwa ubavu na kuunganishwa kwa gundi. Kujua kama umejipinda, weka fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, uchuchumae hadi jicho lilingane nazo. Fito ya mbele ikiifunika ya nyuma sawasawa, uso umetulia. Pembe moja ikichomoza, uliza kama kuna unene wa kutosha kupigwa randa.

Mbao za dawa, zile za kijani zinazouzwa kwa ajili ya paa, ziache kabisa kwenye uso wa benchi. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromu na aseniki, na vumbi lake utalivuta kila unapopiga msasa.

Jiliwa lifungwe karibu kabisa na mguu, lisining'inie katikati ya uso. Bana kipande cha ubao, ukisokote kwa nguvu: kitakachosogea kiwe wewe. Mwisho simama wima, mikono ikining'inia. Kwa kazi ya randa, uso ufikie kifundo cha mkono. Benchi refu kidogo kuliko hapo lipokee, miguu inapunguzwa kwa msumeno. Lililo fupi litakuumiza mgongo, na kuongeza miguu kwa vipande ni kurudisha mtikisiko uliokuwa unaukimbia.