Imetoka au Umetoa?

Vitabu vya mafunzo havihakikiwi kama riwaya, na pengine ndiyo maana huandikwa ovyo na kusomwa ovyo zaidi. Kuna kimoja nimekisoma kama ninavyosoma tamthilia, nikiangalia nani anapewa maneno na nani ananyamazishwa. Ni mwongozo wa shirika la Ipas wa mwaka 2008, kazi ya Katherine Turner na Kimberly Chapman Page, wa kuwasaidia wahudumu wa afya kukagua wanachoamini kuhusu utoaji mimba. Nilikutana nao kazini. Nilikuwa nimepewa kibarua cha siku mbili kutafsiri karatasi za semina ya manesi na matabibu, katika ukumbi mmoja upande wa Kivukoni, ghorofa ambayo dirishani unaona pantoni likienda Kigamboni na kurudi.

Kazi ilinikwama kwenye jina. Kwa Kiingereza, jina la mafunzo linataja vile vitu ambavyo mtu binafsi anavithamini. Kamusi inakupa "maadili". Lakini maadili kwa Kiswahili chetu si mali ya mtu mmoja. Tunasema maadili ya taifa, maadili ya kazi, na karibu kila wiki redioni, mmomonyoko wa maadili. Ukimwalika nesi kwenye semina ya "kufafanua maadili", atakuja na daftari aandike atakachofafanuliwa, kwa sababu maadili kwake yako nje, yameshawekwa, na mwenye kuyavunja ni mwingine. Hapo somo lote limegeuka kabla chai ya saa nne haijafika. Tuliishia kuandika "kupima misimamo yetu", maneno makavu kidogo, ila angalau yanamwelekezea mtu kidole chake mwenyewe.

Wazo lenyewe lina safari ndefu. Lilianzia kwa walimu wa shule nchini Marekani: Louis Raths, Merrill Harmin na Sidney Simon walitoa kitabu chao mwaka 1966 wakidai kwamba mwalimu asimpe mwanafunzi maadili mkononi, amsaidie ayachague mwenyewe na aishi kwa alichochagua. Afrika Kusini ikalichukua kwa shida nyingine kabisa. Sheria ya 1996, iliyoanza kutumika Februari 1997, iliruhusu utoaji mimba, na manesi wengi wakagoma kushiriki. Semina zikaja baada ya sheria, ziwasaidie watu kuifikia. Kwetu mambo ni kinyume. Sheria imesimama palepale, semina ndiyo inayotembea.

Tuseme wazi sheria yenyewe, maana ukumbini ilitajwa kwa kunong'ona. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150, inampa miaka 14 anayejaribu kumtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka saba. Cha 152 kinampa mitatu anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Kifungu cha 230 kinamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa uangalifu ili kuokoa maisha ya mama. Tanzania pia iliridhia Itifaki ya Maputo mwaka 2007, ambayo ibara yake ya 14 inakwenda mbali zaidi: ubakaji, maharimu, afya ya mama. Mahakama Kuu imekaa hapohapo Kivukoni, inatazama bahari. Kutoka ukumbini ni mwendo wa dakika chache kwa mguu, na nilipata hisia kwamba kila aliyenyoosha mkono alikuwa anazipima hizo dakika.

Zoezi zuri kuliko yote ni la pembe nne. Unajaza karatasi ya maoni bila jina, karatasi zinafinyangwa na kurushwa kama mipira, unaokota isiyo yako. Sentensi ikisomwa, unakwenda kwenye pembe ambayo karatasi uliyoshika imechagua, nakubali kabisa au sikubali kabisa, na unatakiwa kuitetea kwa dhati. Ni mchezo wa kuigiza uliojificha ndani ya semina. Nilimwona mkunga mtu mzima, hijabu nyeupe imekaa sawasawa, akitetea msimamo ambao sidhani angeutamka hata kwa dada yake, na akautetea vizuri mno mpaka akacheka. Hakuna aliyejua ni karatasi ya nani. Usiri huo ndio uliompa mtu sauti, na kwa mji ambao mtu anakwenda duka la dawa la mtaa wa tatu ili asionekane na wa kwao, mwandishi wa zoezi hili kaelewa jambo.

Zoezi la "mimba ya mwisho" ndilo linaloniudhi. Mnaambiwa imebaki nafasi moja tu ya kutoa mimba kwa usalama, na mnapewa wanawake kadhaa, kila mmoja na maelezo mafupi: mwanafunzi, mgonjwa, mama wa watoto wengi, aliyewahi kutoa kabla. Chagueni mmoja. Mwishoni mwezeshaji anasema, kwa haki kabisa, kwamba hakuna anayestahili kufanya uchaguzi huo. Lakini kabla ya hapo ukumbi umekuwa baraza la wazee kwa dakika arobaini, na umefurahia. Mwanafunzi alishinda kwetu kwa urahisi. Nadhani kila aliyekuwepo alikumbuka kwamba mpaka Novemba 2021 msichana aliyepata mimba shuleni ndiyo basi tena, harudi darasani. Aliyewahi kutoa kabla hakupata kura hata moja. Na jambo ambalo msomaji wa tamthilia hawezi kulipita: wanawake hao wote wanasimuliwa, hakuna anayesema mstari wake mwenyewe. Zoezi linalotaka kuondoa hukumu linaanza kwa kuwaweka wahukumiwa kimya.

Kuna jingine, "kwa nini alikufa", kisa cha mwanamke aliyefariki baada ya kutoa mimba kwa njia ya hatari, nanyi mnaulizwa ni nani na nini kilichomuua. Linagusa, sikatai, watu walitoa leso. Ila sisi tuliokulia kwenye filamu za Kibongo zilizouzwa kwa CD pale Kariakoo tunalijua hilo jeneza. Msichana akitoa mimba, kabla filamu haijafika sehemu ya pili atakufa au atakosa mtoto maisha yake yote, na mama yake atalia mbele ya kamera mpaka betri iishe. Filamu na semina zinatumia maiti ileile kwa mafundisho mawili yanayopingana, na nesi aliyeshiba ya kwanza anaweza kuipokea ya pili bila kubadilisha chochote: si unaona, alikufa.

Tatizo ni kwamba wanawake wengi hawafi. Wanafika wodini wakiwa hai, wanavuja damu na wanaogopa. Makadirio ya watafiti kwa mwaka 2013 yalikuwa mimba 405,000 zilizotolewa nchini, na wanawake wapatao 66,600 waliotibiwa madhara yake kwenye vituo vya afya. Waliopata madhara na hawakufika ni wengi kuliko hao. Utafiti wa Solheim na wenzake kuhusu Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha jinsi vidonge vya misoprostoli vinavyotumika mjini humu kutoa mimba, sheria ikiwa palepale. Kwa hiyo swali la nesi wetu si kama atatoa mimba au hatatoa. Swali ni atamsemesha vipi aliyeko mbele yake. Kumtibu huyo si kosa kwa sheria yoyote, na hakuna kati ya vifungu vile vitatu kinachomwagiza muuguzi awe mpelelezi.

Hapa ndipo Kiswahili kina jambo ambalo mwongozo, kwa kuwa umeandikwa kwa Kiingereza, haukuweza kuliona. Huduma ya serikali inaitwa "huduma baada ya mimba kuharibika". Tazama hiyo -ik-. Mimba imeharibika kama sahani inavyovunjika na mlango unavyofunguka. Kitenzi kinaeleza hali na hakimtafuti mtendaji. Toa hiyo silabi, sema "kuharibu", na papo hapo kuna mtu mlangoni anayetafutwa. Wodini swali linaulizwa kwa tofauti hiyohiyo: "Haya, dada, imetoka au umetoa?" Ni maneno mawili, moja la mgonjwa na moja la mshitakiwa. Baadaye atapelekwa "kusafishwa", maana ndivyo tunavyoliita tendo lile, kana kwamba aliingia mchafu. Hata "unyanyapaa", ambalo ndilo neno kuu la semina, tulilizoea katika kampeni za UKIMWI, na ukumbini watu walilitumia kwa lafudhi ya bango: wote tuliupinga, hakuna aliyewahi kuufanya.

Miaka ya mwisho ya karne iliyopita Vibeke Rasch na wenzake walifanya utafiti katika hospitali za Tanzania kwa wanawake waliolazwa kwa mimba zilizoharibika. Walipokaa nao na kuzungumza kwa upole, waliokiri kwamba mimba ilitolewa walikuwa wengi zaidi kuliko waliohojiwa kwa maswali ya kawaida. Sijui kama kuna tathmini kali zaidi ya lugha ya wodini kuliko hiyo. Hakuna aliyewapima wahojaji msimamo. Kilichobadilika ni jinsi walivyouliza.

Ipas nao wana ushahidi wao. Tathmini ya nchi 12, iliyochapishwa mwaka 2018, ilikuta ujuzi na mitazamo ikisogea baada ya semina. Nauamini usogeo huo, niliuona kwa macho. Ila fomu ya mwisho hujazwa ukumbini humohumo, mtu akiwa ametoka kucheka na kulia na wenzake, na kwetu hapa posho bado haijatoka. Wodi ya Jumatatu usiku haina mwezeshaji. Halafu kuna jina: mwongozo unaahidi kumwachia mtu achague mwenyewe, na jalada lake linazungumzia kuubadilisha mtazamo wake. Raths na wenzake wangeuliza. Mimi naona bora lingesemwa tu kwamba tunataka umtibu huyu mwanamke bila kumtukana, iwe unaamini nini.

Kama ningeruhusiwa kuongeza zoezi moja, lingekuwa la rejista. Kila mshiriki apewe ukurasa mmoja wa daftari la wodi na mgonjwa mmoja: miaka 19, muuza mitumba Kariakoo, anavuja damu tangu juzi, homa. Aandike taarifa yake mara tatu, mara ya kwanza kwa "imeharibika", ya pili kwa "ameharibu", ya tatu akiandika tu anachokiona. Kisha wabadilishane madaftari, na jirani aseme, kwa kusoma ukurasa huo peke yake, huyu binti atapewa dawa ya maumivu saa ngapi.