Maandishi Yatangulie, Miguu Ifuate

Kabla daladala za kwanza hazijajaa, simu nyingi nchini mwetu huwa zimeshapokea neno. Limeandikwa na katibu wa jumuiya, mzee wa kanisa, mwinjilisti wa mtaa au mwalimu wa shule ya Jumapili, na kulisoma hakuchukui dakika mbili: mstari mmoja wa Biblia, mawazo machache juu yake, sala fupi. Wenyewe wanaita tafakari. Hakuna anayewalipa kwa kazi hiyo, na majina yao hutayasikia pale waandishi wanapotajwa. Mimi naiona ni sanaa kamili, yenye miiko na mafundi wake, na kwa muda mrefu nimetamani mtu aisifu hadharani.

Ugumu wake umejificha katika ufupi wake. Mhubiri ana mimbari, ana kwaya iliyotangulia kulainisha mioyo, ana sauti ya kupandisha na kushusha, na waumini hawainuki mpaka amalize. Mwandishi wa tafakari hana hata kimoja cha hivyo. Msomaji wake amesimama kituoni, mkono mmoja umeshika begi la mtoto, na kidole kikiteleza kidogo tu neno lote limeshapotea katikati ya bei za mchele na picha za harusi. Tena anaandikia watu anaowajua. Miongoni mwao yupo aliyefukuzwa kazi wiki iliyopita, yupo aliyejifungua jana, wapo wawili wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. Wote hao wataisoma sentensi ileile asubuhi ileile, na kila mmoja atajiuliza kama amesemwa yeye.

Katika jumuiya yetu fundi wa kazi hii ni katibu wetu, mama mmoja anayeuza vitenge. Anaandika usiku, akishafunga hesabu, katika daftari lilelile la duka: mbele wamo wanaodaiwa, nyuma zimo tafakari. Hagusi mstari kabla hajasoma sura nzima. Nimeuona ukurasa mmoja wa daftari hilo, ule wa habari ya mtu aliyepooza ambaye wenzake wanne walimteremsha kwa kupitia darini, katika Marko sura ya 2. Alianza kama ambavyo wengi wetu tungeanza, kwa kuisifu imani ya wale wanne. Akajaza ukurasa, kisha akaukata wote kwa mstari mmoja wa kalamu kutoka pembe hadi pembe. Chini yake akaanza upya na mwenye nyumba. Ni nani aliyelipa gharama ya dari lile? Vumbi lilipoanza kuwaangukia wageni, mbona hatusikii kwamba alipiga kelele? Akamaliza kwa kuuliza ni nyumba ya nani katika mtaa wetu ambayo mgonjwa anaweza kuingizwa hata kwa kubomoa kitu. Basi. Kilichobaki hakikufika nusu ya kile alichokikata.

Kabla ya kutuma humpa kijana wake wa kidato cha pili aisome kwa sauti. Akijikwaa mahali, mama huandika upya mahali hapo, hata kama usingizi umemzidi. Na akishatuma, simu inakwenda chini ya mafungu ya vitenge hadi mchana. Nilimuuliza kama hapendi kujua watu wameipokeaje. "Mwalimu," akaniambia, "mwenye la kusema tutaonana naye Jumamosi." Jumamosi ndiyo siku ya jumuiya, tunapokaa kwenye mkeka na viti vya kuazima nyumbani kwa mmoja wetu. Jibu lile lilinifungulia jambo ambalo nimelifikiria sana tangu hapo: kwamba kujua mahali maandishi yanapokoma ni sehemu ya ufundi wenyewe, sawa na kujua kuchagua neno.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipata hifadhi Saxony, Ujerumani, katika ardhi ya kabaila kijana aliyeitwa Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa wanakijiji neno fupi la kwenda nalo siku iliyofuata. Ikawa desturi, kila siku neno jipya, na ndugu walipita nyumba kwa nyumba kulifikisha. Kitabu cha kwanza kilichochapwa kilikuwa cha mwaka 1731. Hadi leo mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kuokota kura palepale Herrnhut, kisha hutafutwa mstari wa Agano Jipya wa kwenda nao, na kitabu hicho hutoka katika lugha zaidi ya 50. Wamoravian walifika kwetu Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina waumini wengi wa kanisa hilo kuliko nchi nyingine yoyote.

Ninachokipenda zaidi katika habari hiyo ni wale ndugu wa kupita milangoni. Mtu aliyebeba neno hadi mlangoni hubeba pia macho. Anaona kama moto umewashwa, anasikia mtoto anavyokohoa, anatambua kwamba baba wa nyumba hii leo hataki kumtazama mtu usoni. Neno linakwenda, habari za nyumba zinarudi. Kitabu kilichochapwa kilifika mbali kuliko miguu ya ndugu yeyote, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini hakikuweza kurudi na habari. Simu zetu zina mapungufu hayohayo. Zinaniambia kwa tiki mbili za bluu kwamba fulani amefungua ujumbe. Kama alikuwa analia alipoufungua, hazisemi.

Mitume waliujua mpaka huu wa maandishi. Tunasoma nyaraka zao kana kwamba zilidondoka zenyewe kutoka juu, tukasahau kwamba kila waraka ulikuwa na mbebaji. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, naye Fibi wa Kenkrea anatajwa mwishoni ili apokelewe vizuri afikapo. Kwa Wakolosai Paulo hakueleza habari zake binafsi katika maandishi. Aliacha Tikiko azisimulie kwa mdomo. Alipowaandikia Wagalatia kwa ukali alikiri kwamba angependa awe nao na kuibadili sauti yake, na sijui kama kuna mwandishi mwingine aliyeeleza vizuri kuliko hapo uchungu wa kuandika ukiwa mbali: maneno yakishatoka hayawezi kulegezwa ukiona uso wa msomaji umebadilika. Na Filemoni, baada ya kusihiwa kwa upole mwingi juu ya Onesimo katika waraka wa mistari 25, anaombwa mwishoni amtayarishie Paulo chumba. Hebu fikiri ombi hilo lilivyobadilisha uzito wa waraka mzima. Mwandishi anakuja. Kila alichosema kitamkuta kimekaa sebuleni.

Lakini kwangu mwalimu mkuu wa tafakari fupi ni yule mzee wa Waraka wa Tatu wa Yohana. Waraka wake ungeweza kutosha katika karatasi moja ya mafunjo. Humo anamwombea Gayo afya ya mwili kabla ya kugusa jambo lingine lolote, kama sisi tulivyofundishwa kutoingia kwenye shida kabla ya "ama baada ya salamu." Anamsifu kwa kuwapokea ndugu wasafiri, tena anaisifu kazi yenyewe, kwa namna ambayo mtu akisoma anajua la kufanya kesho. Anamshuhudia Demetrio. Anamtaja Diotrefe, mtu apendaye kuwa wa kwanza, aliyekataa kuwapokea ndugu na kuwazuia wanaotaka kuwapokea. Gayo alipaswa kuonywa. Ila shauri lenyewe na Diotrefe halimalizi kwa wino. Analiweka mpaka atakapokuja. Kisha anasema waziwazi kwamba ana mengi ya kuandika, lakini hataki kuyaandika, kwa sababu anatumaini kuonana na Gayo karibuni wazungumze ana kwa ana. Waraka wa Pili nao unamalizika vivyo hivyo.

Nimejifunza hapo kanuni ambayo sijaona bora yake kwa maisha ya mtandaoni. Sifa iandikwe, hata mbele ya watu wote, maana aliyesifiwa ataisoma tena siku ya huzuni. Taarifa iandikwe. Faraja iandikwe ikiwa njia nyingine haipo. Karipio lisubiri miguu. Nimeshuhudia magrupu ya kwaya yakivunjika kwa usiku mmoja kwa sababu mtu alimkemea mwenzake juu ya michango ya sare mbele ya macho mia moja, na kila aliyejaribu kusuluhisha alikuwa anaongeza maandishi juu ya maandishi. Jambo lile lingehitaji watu wawili, chai, na nusu saa.

Diotrefe naye hajafa. Anaishi katika kila mmoja wetu anayeandika mambo ya Mungu na kuyarusha hewani. Wakorintho walimsengenya Paulo kwamba nyaraka zake ni nzito lakini akija mwenyewe ni dhaifu, naye akajibu kwamba alivyo katika nyaraka akiwa mbali ndivyo alivyo kwa matendo akiwapo. Kipimo hicho ni kikali. Kinamuuliza mwandishi wa tafakari ya uvumilivu alivyomjibu konda asubuhi hiyohiyo. Na kinamuuliza pia muda: saa ngapi za usiku amekaa akihesabu nani amelaiki, nani amesoma akanyamaza, ilhali mwanawe yuko pembeni na kitabu cha hesabu. Mtu wa namna hiyo huanza kuandika kile kitakachosambazwa. Maneno yanakuwa makubwa, miujiza inaongezeka, na mwishowe unakuta ujumbe wa kutisha unaoahidi baraka kwa atakayewatumia watu kumi na balaa kwa atakayeufuta. Huo si Ukristo, na wala si uandishi. Mwaka 2020 WhatsApp waliweka ukomo, ujumbe uliozunguka sana utumwe kwa gumzo moja tu kwa wakati, na mimi niliona ni aibu kwetu kwamba kampuni ya mtandao ilitangulia kutufunza kiasi.

Nisieleweke kwamba maandishi ni kitu cha kuvumilia tu. Mwaka huohuo wa 2020 makanisa ya Kenya yalifungwa kuanzia Machi, na yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai ilikuwa kwa watu wasiozidi 100, kwa saa moja, na wenye umri wa zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Wazee walioizoea ile benchi ya mbele maisha yao yote walibaki na simu peke yake. Asubuhi zile aya nne za mtu anayewajua kwa majina zilibeba kanisa zima. Mwandishi aliyejizoeza kwa miaka kusema jambo moja kwa ukweli na upole alikuwa na cha kuwapa, na aliyekuwa na makelele tu hakuwa nacho. Papa Francis alikuwa ameligusa suala hili mwaka mmoja kabla, katika ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni wa 2019: mtandao ni rasilimali unapowaandaa watu kukutana, na unapowawezesha walio mbali kushirikishana habari zao na kusali pamoja.

Ustadi wa yule mama wa vitenge niliuona kwa ukamilifu siku ya msiba. Mzee wetu mmoja alifariki alfajiri, na grupu la jumuiya likajaa kwa dakika chache. Poleni, poleni sana, vikono vya kusali, mishumaa, picha ya machweo yenye maneno ya kununuliwa. Wote walikuwa na nia njema. Kila mmoja akishaandika alijisikia amefika msibani. Ndipo ukaingia ujumbe wa katibu. Ulikuwa na jina kamili la marehemu na saa aliyoaga. Ulimtaja mjane kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama anavyoitwa mtaani, ukasema amezungukwa na mabinti zake na tangu usiku hajala. Ukaeleza njia: shuka kwenye kituo cha shule, fuata barabara ya mashine ya kusaga, nyumba ina mwembe. Turubai lilikuwa limepatikana. Viti havijatosha, mwenye navyo aje navyo. Akina mama waje na unga na sufuria kubwa kabla ya saa nne, vijana waende kuchota maji sasa hivi. Walio safarini watume rambirambi kwa mweka hazina, ambaye namba yake wanayo. Sala saa kumi. Mstari wa Biblia ulikuwa mmoja tu, ule wa Yesu akimlilia Lazaro, na hakuufafanua. Mwisho kabisa aliandika kwamba yeye anazima simu kwa kuwa yuko jikoni, na mwenye swali aingie kwa mlango wa uani.